Pikapu kuukuu inayopiga kelele: ziba kwanza, bandika baadaye

Swali: "Nina pikapu ya dizeli ya kabini moja, umri wake umepita miaka 30. Injini bado nzima, lakini ndani hapakaliki. Tukifika kilomita 80 kwa saa, mimi na mwenzangu tunaongea kwa kupayuka. Dari imelegea, siti imechanika mpaka sponji inaonekana, na kapeti nimeikuta imelowa upande wa abiria. Rafiki amenishauri ninunue mikeka ya lami ya kuezekea paa, niibandike sakafu nzima, milango na dari, kisha nitandike kapeti mpya. Je, itatosha? Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe pale uliposema kapeti imelowa. Maji hayo yamepita mahali. Palipopita maji hewa inapita, na palipopita hewa kelele zinaingia bila hodi. Kwa hiyo kabla hujanunua hata kipande kimoja cha kubandika, tafuta matundu. Mtu akiniletea pikapu ya umri huo akasema ana uwezo wa kufanyiwa jambo moja tu, simwekei mikeka. Nambadilishia mipira ya milango na kumzibia matundu ya ukuta wa injini, ule unaotenga injini na kabini, basi.

Lami ya paa achana nayo. Bati la gari lililoegeshwa juani linapata moto wa kuunguza kiganja, na lami ikipata moto huo inalainika. Sakafuni itajitengenezea mabonde, mlangoni itateleza kidogo kidogo hadi ikazibe matundu ya kutolea maji kule chini, na harufu yake mtaishi nayo. Mikeka inayofaa ni ya mpira wa butili yenye ngozi ya alumini juu. Nitaifikia, ila bado kuna safari.

Kazi ya kwanza ni kuendesha, kabla hujagusa spana. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, uende na mtu wa pili wa kusikiliza. Gari likiwa limesimama, kanyaga mafuta hadi mizunguko ileile ya injini unayokuwa nayo mkiwa kwenye kilomita 80. Kelele mkizisikia hapo hapo, chanzo ni injini, ekzosi au raba zinazoshikilia injini kwenye chasisi. Kisha barabarani, mkiwa kwenye mwendo, toa gia na uache gari litiririke injini ikiwa sailensi, yaani inazunguka taratibu bila kukanyagiwa mafuta. Usiizime, kwa sababu breki na usukani vitakuwa vigumu. Kelele zitakazobaki ni za matairi, upepo, difu (boksi la gia la ekseli ya nyuma) na beringi. Kama simu yako ina programu ya kupima desibeli, iweke mahali pamoja kila mara na uandike namba. Haitakuwa sahihi kama kipimo cha maabara, lakini utaitumia kulinganisha leo na siku utakayomaliza.

Nakusisitizia jaribio hili kwa sababu kuna mvumo ambao mkeka wowote hautauondoa. Chukua injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Kila mzunguko silinda mbili zinawaka, yaani mipigo 6,000 kwa dakika, sawa na 100 kwa sekunde. Hiyo ni herzi 100, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 3.4 hivi. Sponji ya unene wa sentimita moja haina la kulifanya wimbi refu kuliko kabini yenyewe. Mvumo wa namna hiyo, ule unaoubana kifua na kuumiza kichwa, unautibu kwenye chanzo: sailensa iliyotoboka, hanga ya ekzosi iliyokatika ikaacha bomba liguse chasisi, raba ya injini iliyochoka, au kishikio cha katikati cha propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Mlio wa dizeli wa kokoto, upepo, mawe yanayorushwa na matairi na mlio wa bati lenyewe, hizo ndizo kazi za ndani ya kabini.

Ekzosi inayovuja usiiache kwa siku nyingine. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na sakafu yenye matundu inaivuta ndani.

Usisahau pia raba zilizo kati ya kabini na chasisi. Pikapu ina chasisi yenye umbo la ngazi, na kabini imekalishwa juu yake kwa vipande vya mpira. Baada ya miaka 30 vingi vimekuwa vigumu kama mbao au vimelala kabisa, ikawa bati linakaa juu ya chuma na kila mtikisiko unapanda moja kwa moja hadi kitini. Mulika kwa tochi chini ya kabini. Ukiona mpira umepasuka au umevimba pembeni kama mkate uliokanyagwa, badilisha yote kwa pamoja. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kwenye picha za kazi iliyokamilika.

Sasa fungua. Chomoa betri kwanza. Toa siti, mikanda, vizingiti vya milango, kapeti, dari na vifuniko vya milango. Kila kundi la skrubu lipe mfuko wake wenye maandishi, na piga picha kila hatua, hata unapodhani huwezi kusahau. Utasahau. Kwa skrubu za urefu tofauti, chora umbo la kifuniko kwenye kadibodi na uchomeke kila skrubu mahali ilipotoka. Kama chini ya kapeti au kwenye ukuta wa injini kuna mikeka ya zamani ya kijivu yenye nyuzinyuzi, usiikwangue ikiwa mikavu. Baadhi ya mikeka ya kuzuia joto ya magari ya kale ilitengenezwa kwa asibesto. Kama huna uhakika ni ya namna gani, usiiguse mpaka anayeijua aione.

Sakafu ikishakuwa tupu, iache tupu mpaka ujue maji yanatoka wapi. Gusa unyevu kwa kidole. Ukinata na kuwa na harufu tamu, si mvua: ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita ya ndani, na kwa kuwa umeyakuta upande wa abiria ningeanzia hapo. Usiyaonje, ni sumu. Ukiwa ni maji matupu, mwingize mtu ndani na tochi, wewe nje mwagia kwa mpira wa maji, ukianza chini na kupanda pole pole. Ukianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Washukiwa wa kawaida ni pembe za chini za kioo cha mbele, ambako kutu hujificha chini ya mpira, na lile shimo la kuingizia hewa chini ya waipa, ambalo mifereji yake huzibwa na majani makavu. Wa tatu ni mlango. Ndani ya kila mlango maji huingia kwa kawaida kupitia kwenye kioo na hutakiwa kutokea chini. Karatasi ya nailoni nyuma ya kifuniko ikichanika, yanamwagikia kabini.

Kosa langu kubwa katika kazi hii nililifanya hapa. Nilibandika sakafu ya mteja ikawa safi, inang'aa alumini mlango hadi mlango, bila kumwagia maji hata ndoo moja. Kioo cha mbele kilikuwa kinavuja tone kwa tone. Aliporudi baada ya misimu miwili ya mvua, nilinyanyua kona ya mkeka nao ukanyanyuka pamoja na bati: upande mmoja alumini, upande wa pili maganda ya kutu. Nikaona ardhi. Nililipa uchomeleaji mwenyewe, na tangu siku hiyo kila gari kwangu linaogeshwa likiwa uchi.

Kutu nayo inataka ukweli. Chukua bisibisi butu, ugonge na kusukuma kila palipobadilika rangi, hasa chini ya miguu na kwenye maungio ya sakafu na kizingiti. Bisibisi ikizama, hapo pamekufa, pakatwe na pachomelewe bati jipya. Kubandika juu yake ni kufunika kombe, ila mwanaharamu huyu hapiti, anabaki humo humo akila. Kutu ya juu juu isugue kwa brashi ya waya hadi bati ling'ae, vishimo vinavyobaki vipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, kisha praima ya epoksi na rangi. Maungio yapake silanti ya bodi, ile gundi ya kuzibia. Acha kila tabaka likauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, na uongeze kidogo. Silikoni ya bafuni usiilete humu: aina nyingi hutoa siki zinapokauka, na siki na bati si marafiki.

Baada ya hapo ziba. Usiku, weka taa kali upande wa injini, wewe ingia kabini gizani na ufunike vioo. Utashangaa. Ukuta wa injini utakuwa na nyota: tundu la waya wa klachi, la spidomita, la redio iliyong'olewa zamani, la skrubu ya kifaa ambacho hakipo tena. Panapopita waya weka raba ya tundu. Pasipopita kitu, weka kizibo cha mpira au kipande cha bati chenye silanti. Angalia ule mpira wa mkono wa gia, karibu kila pikapu kuukuu umechanika, na lango lake ni pana kuliko matundu mengine yote yakijumlishwa. Hesabu yake ni hii: hata ungekuwa na ukuta usiopitisha sauti kabisa, ukiuachia uwazi wa asilimia 1 ya eneo lake, hautapunguza zaidi ya desibeli 20. Ndiyo maana mtu hubandika kilo 40 za mikeka akalalamika hajasikia tofauti.

Kuna vipenyo usivyopaswa kuziba. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yaache wazi. Pia nyuma ya kabini au pembeni kuna vidirisha vidogo vyenye ulimi wa mpira, vya kutolea hewa. Ukiviziba, mlango utakataa kufunga mpaka ushushe kioo.

Milango ijaribu kwa karatasi. Weka kipande kwenye fremu, funga mlango, vuta. Ikitoka bila kukwaruza, hapo mpira haubani. Lakini usikimbilie kununua mpira. Fungua mlango nusu, unyanyue kwa ncha. Ukicheza juu chini, bushi za bawaba zimekwisha, na mpira mpya kwenye mlango uliolala utabana upande mmoja na kupiga miluzi upande mwingine. Bawaba kwanza, kisha urekebishe komeo, kisha mpira. Na ule ufito wa manyoya unaopitia kioo ukibadilishwa, mgongano wa vioo unakoma siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo mikeka inapoingia. Wengi hudhani mkeka wa butili ni ukuta wa sauti, kumbe kazi yake ni kulizuia bati lisilie. Bati pana likitikiswa linalia kama debe. Butili ikivutwa huku na huku kati ya bati na ngozi ya alumini, inaugeuza mtetemo kuwa joto kidogo na mlio unakufa. Sasa gonga ukuta wa nyuma ya siti kwa kifundo cha kidole. Utajibiwa "taaang", na mlio utabaki hewani sekunde nzima. Bandika kipande cha upana wa viganja viwili katikati ya bati, ugonge tena pembeni yake: "dup." Likishasema dup, hama. Robo hadi theluthi ya bati lililo pana na bapa inatosha. Kwenye mikunjo na kingo, ambako bati limejikaza lenyewe, unapoteza mkeka tu. Mita moja ya mraba ya mkeka wa milimita 2 ina uzito wa kilo 3 hadi 4, usibebe usichohitaji.

Futa bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, fanya kazi mchana penye joto, na ukandamize kwa rola ndogo hadi vinundu vya alumini vilale. Mkeka usiokandamizwa vizuri haufanyi kazi hata kama umeshika. Vaa glavu. Ukingo wa ile alumini unakata kama wembe, na hutaiona damu mpaka ichafue kapeti.

Sauti inayokuja kwa hewa inazuiwa na uzito. Juu ya sakafu na ukuta wa injini tandika kwanza sponji ya seli zilizofungwa, ile isiyonywa maji, ya milimita 5 au 6, kisha juu yake vainili nzito ya kilo 5 hivi kwa mita ya mraba. Sponji inaitenga vainili na bati, zisitetemeke pamoja. Vainili hii, tofauti na butili, inataka kuwa shuka moja: maungio yapandane na yagundishwe. Usiweke sponji ya godoro chini ya kapeti. Inakunywa maji na kuyatunza. Na usipulizie povu la ujenzi ndani ya mabomba ya bodi. Litashika unyevu mahali ambapo mkono wako hautafika tena.

Unapotandika, kaa kwenye kiti uijaribu pedali. Unene wa sentimita mbili chini ya klachi unatosha kuizuia isifike mwisho, gia zikaanza kukwaruza, ukadhani boksi imeharibika. Pedali ya mafuta nayo isiguse ukingo wa kapeti wala kunasa chini yake. Mimi hupunguza unene eneo lote la pedali, na nikikosea naona heri kelele kidogo.

Dari na milango sitaikawiza. Dari: mkeka nusu ya bati, maana ndilo ngoma ya mvua, kisha sponji ya milimita 10 inayosaidia pia kuzuia joto. Mlango: mkeka theluthi ya bati la nje kwa ndani, kioo ukipandishe na kukishusha kabla hujafunga kuhakikisha hakigusi, karatasi mpya ya nailoni iliyogundishwa ukingo wote, na kipande chembamba cha kitambaa kila mahali kifuniko kinapogusana na bati, hapo ndipo panapokwaruza. Ubao wa dari iliyolegea hauna shida. Kilichokufa ni sponji nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa, imegeuka unga. Ikwangue yote kwa brashi laini hadi ubao uwe safi, kisha gundisha kitambaa kipya chenye sponji yake kwa gundi inayohimili joto kali. Ya kawaida itaachia jua la kwanza. Fungua milango unapopuliza, moto mbali.

Siti. Kabla ya kitambaa angalia springi. Zilizokatika zifungwe au zibadilishwe, kisha juu yake lazima pawe na kitambaa kigumu kama gunia, la sivyo springi zitaisaga sponji mpya. Sponji ya siti ni nzito, kilo 50 hivi kwa mita ya ujazo. Ya godoro jepesi utaikalia mwezi mmoja kisha utahisi chuma. Kava la zamani usilitupe: lifumue mshono kwa mshono, kila kipande kiandike namba, ndiyo patani ya fundi wako. Ningechagua kitambaa kigumu katikati na vainili pembeni, kwa sababu kitambaa kinapumua na pembeni ndipo panaposuguliwa kila ukipanda. Kitambaa kinakunywa sauti pia, vainili inairudisha.

Mikanda ya usalama ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini tu. Usiitie jiki wala rangi, nyuzi zinadhoofika bila kuonyesha. Uliochakaa ukingo haufuliwi, unabadilishwa. Bolti zake zirudi zilezile, moja kwa moja kwenye chuma, si juu ya kapeti na sponji.

Ukifuata mpangilio huu, usitegemee gari dogo la kifahari. Tegemea kuongea kwa sauti ya kawaida kwenye kilomita 80 na kusikia redio. Kushuka kwa desibeli 10 kwenye ile programu sikio hulisikia kama kelele zimepungua nusu, na kwa kabini iliyokuwa bati tupu ni lengo zuri la kulifukuzia.

Jambo la mwisho utakalokutana nalo ni la ajabu kidogo. Safari ya kwanza baada ya kazi, utasikia milio ambayo hukuwahi kuisikia: kitu kinachogonga ndani ya dashibodi, na mvumo wa gurudumu la mbele unaobadilika ukikata kona. Hicho cha dashibodi kitafutie kipande cha sponji. Gurudumu linalovuma zaidi ukikata kulia mara nyingi ni beringi ya kushoto, iliyokuwa ikilia miezi mingi chini ya kelele nyingine. Lipandishe kwa jeki uliweke juu ya stendi, ulizungushe kwa mkono, na usilirudishe safari ndefu kabla hujaibadilisha.